Kabla Masika Hayajaingia

Tuliomo humu Dar, poleni na joto.

Ila leo naomba tusilitukane. Najua jana usiku hukulala. Najua feni inakupulizia hewa ya moto na uniti za LUKU zinayeyuka kama barafu juani. Na mimi hivyo hivyo. Lakini tuko mwishoni mwa Februari, na joto hili tunalolisema vibaya limebakiza wiki mbili, tatu, likijitahidi sana nne. Baada ya hapo linaondoka zake, nasi tunaanza kulalamikia tope. Ndivyo tulivyo.

Dalili ziko wazi kwa anayetazama. Anza na maembe. Desemba embe dodo zilimwagwa chini kwenye turubai, unachagua unavyotaka, na ukiwa na maneno matamu unaongezewa moja. Sasa zimepangwa mafungu ya tatu tatu juu ya meza, zimefutwa vumbi, na ukiuliza bei muuzaji anakutazama viatu kwanza ndipo anajibu. Embe inayofutwa vumbi ni embe inayoaga.

Halafu upepo. Kaskazi iliyokuwa inapuliza tangu Desemba imechoka. Kuna saa za mchana nguo kwenye kamba hazitikisiki kabisa, zimening'inia kama zimefiwa. Jioni mawingu yanajikusanya upande wa Pugu, yanatutisha kidogo, halafu yanatawanyika bila kutoa hata tone. Wauza miavuli wameanza kuonekana kwenye mataa. Na jaribu kumpigia simu fundi wa kuezeka wiki hii uone kama atapokea.

Ndugu zangu wa Dodoma, Iringa na Mbeya najua mnacheka. Ninyi mvua yenu ni moja, inaanza Novemba hivi, inakwenda mpaka Aprili, basi. Sisi wa pwani hii ya kaskazini tunazo mbili: vuli, Oktoba mpaka Desemba, na masika, Machi mpaka Mei. Masika ndiyo mvua yenyewe. Vuli inaweza kukuahidi isije, masika hayana mchezo huo mara nyingi.

Wazee wa pwani wana jina la kipindi hiki tulichomo. Wanakiita tangambili. Kaskazi imechoka, kusi haijashika, upepo unatoka huku na huku, na nahodha hana uhakika atweke tanga upande gani. Nalipenda sana neno hili. Watu waliokaa na kuupa jina muda wa katikati, ambao si msimu huu wala si ule, bila shaka walikuwa na kazi nao.

Sasa mtauliza, mwandishi, mbona leo umekuwa mtu wa hali ya hewa? Subirini, nakuja.

Mama yangu anahama.

Ameishi Kigogo miaka 24, nyumba ile ile, kama mpangaji. Chumba na sebule, choo cha uani, mwembe mmoja katikati ya uwanja. Nyumba yenyewe iko upande wa bondeni, na anayeijua Kigogo akisikia neno bondeni anajua nazungumzia nini. Nazungumzia Mto Msimbazi.

Mto huu una tabia ambayo mgeni haielewi. Unaanzia kule vilimani Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, halafu unamwagika baharini pale Daraja la Selander. Urefu wake wote ni kama kilomita 35. Maana yake ni kwamba mvua ya Kisarawe ni mvua ya Kigogo, tofauti ni saa chache tu. Unaweza kuwa umekaa nje, mbingu safi, nyota zinaonekana, na maji yako njiani yanakuja. Na kama bahari nayo imejaa saa hiyo, yakifika chini hayana pa kwenda. Yanageuka na kutafuta milango ya watu.

Desemba 2011 yalitafuta mlango wetu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba mwaka ule. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu nchi isherehekee miaka 50 ya Uhuru, bendera ndogo za karatasi bado zilikuwa zimebandikwa kwenye maduka. Ikanyesha kuanzia tarehe 20, ikaendelea. Jiji zima takriban watu 40 walipoteza maisha. Sisi tulitoka usiku, maji yakiwa yamefika usawa wa dirisha, dada yangu mdogo akiwa mabegani kwa kaka. Tuliporudi baada ya siku nne tulikuta matope mpaka ndani ya kabati, na samaki kambale amekufa juu ya jiko la mkaa. Sitanii.

Majirani wetu wa nyumba ya mbele hawakurudi. Baba, mama na watoto wanne. Walitoka usiku ule ule, wakalala shuleni pamoja na wengine, na mwaka uliofuata tukasikia wamo katika familia zilizohamishiwa Mabwepande. Hatukuagana. Jioni tulikuwa tunaazimana chumvi, asubuhi hawapo, na tangu siku hiyo sijawaona tena.

Sasa kuna jambo moja dogo. Siku ya sherehe za Uhuru, tarehe 9, mama alikuwa ameazima kwao sufuria kubwa ya kupikia pilau. Ilikuwa bado iko kwetu. Ipo mpaka leo. Mama amekwenda Mabwepande mara mbili kuulizia, akaambiwa walishahama tena, na namba yao ya simu ilishaacha kupatikana. Sufuria ile hajaiuza, hajaigawa, na hata sisi watoto tukiitumia anatukumbusha, "Muioshe vizuri, hiyo ni ya watu."

Maji yakaja tena miaka mingine, kwa viwango tofauti. Mara ya mwisho kubwa ni masika ya 2024, mvua zile zilizovunja madaraja na nyumba katika mikoa mingi, halafu mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya kikatutisha wote kabla ya kuishiwa nguvu karibu na Mafia. Kwa mama maji yalifika magotini tu. Lakini ana miaka 61 sasa, na magoti yake si yale ya 2011.

Basi baada ya hapo tukakaa kikao cha familia. Baadhi ya majirani wa bonde hilo wameshaondoka kupisha mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, lakini mama ni mpangaji, nyumba si yake, kwa hiyo hadithi hii si ya fidia. Ni ya kujichanga. Kaka, dada na mimi tulikuwa na kiwanja kidogo Kivule. Mnajua ujenzi wa watoto wa mjini: mwezi huu tofali, mwezi ujao kimya, mwezi wa tatu mifuko sita ya simenti na sherehe. Hata hivyo mpaka Januari mwaka huu vyumba viwili vilikuwa vimeezekwa. Ndani pana plasta, nje tofali zinaonekana. Madirisha yana nondo na wavu. Taa ni ya sola. Choo kipo. Panaishi mtu.

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Kaka yangu ni mtu wa mahesabu. Alisema, bati limepigwa, mlango una kitasa, mama ahame kesho. Kila siku anayokaa bondeni ni kamari. Masika yanaweza kuingia mapema, nani ana mkataba na mawingu? Na kusema kweli hoja yake haina tundu. Ukiitazama kwa macho makavu, yuko sahihi.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema atahama Jumamosi ya pili ya Machi.

"Mama, hiyo ni wiki sita!"

"Ndiyo, mwanangu. Nina shughuli."

"Shughuli gani?"

"Ya kuaga."

Kaka akanitazama mimi, kwamba wewe ndiye uliyesoma mambo ya maneno, mwambie. Nikakaa kimya, nikaona nimtazame kwanza nijue ana maana gani. Na wiki hizi, kila nikitoka kazini, nimekuwa napitia Kigogo. Nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike.

Kitu cha kwanza alichofanya mama, tarehe mosi Februari, si kukaa chini ya mwembe kukumbuka ya zamani. Alichukua bahasha za vyeti, picha, kadi za kliniki za wajukuu na hati ya kiwanja, akafunga kwenye nailoni mara mbili, akaweka kwenye sanduku la bati, akaliwahisha Kivule mwenyewe kwa daladala mbili. Wiki iliyofuata yakaenda magodoro mawili, cherehani na nguo nzuri. Wiki iliyofuata unga, mchele, maharage na gunia la mkaa, maana mkaa nao mvua zikianza bei inapanda na unaouziwa umelowa. Alifuata utaratibu ambao hakusoma popote: kinachoharibiwa na maji kwanza ndicho kinatangulia.

Leo ukiingia chumbani kwake unakuta mkeka, godoro moja jembamba, jiko, sufuria mbili zake na ile moja ya watu. Basi.

Juzi nikamuuliza, haogopi? Akacheka. "Hata yakija usiku huu, yatachukua nini? Mkeka? Mimi nitashika mkoba wangu nitoke."

Hapo ndipo nilipomwelewa, na nikampigia simu kaka kumweleza, naye akanyamaza kidogo halafu akasema, "Huyo mama mjanja." Kwa sababu tulikuwa tunadhani ana mambo mawili yanayogombana: kufurahia siku zake za mwisho Kigogo, au kujiandaa na masika. Kumbe kwake lilikuwa jambo moja. Amejiandaa mapema ili apate nafasi ya kufurahia. Jioni anakaa chini ya mwembe ametulia kwa sababu asubuhi sanduku limekwishatangulia.

Na anaitumia nafasi hiyo, jamani. Kila jioni nyumba moja. Si kupita na kupunga mkono, hapana. Anakwenda, anakaa, anakunywa chai, wanacheka, wakati mwingine wanalia, anarudi. Kwa muuza duka amelipa deni lake, shilingi 11,500, na yule kijana alishangaa kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshasahau 3,000 katika hizo. Kwenye upatu wao wa wanawake kumi na wawili aliomba zamu ya mwisho, ili asije akapokea na kuondoka wengine wakaanza kumhesabu siku. Amerudisha vyombo vya watu. Amedai vyake pia, msidhani ni malaika. Kuna ungo wake ulikuwa kwa jirani tangu msiba wa mwaka juzi, ameufuata.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo wakati simu zipo na Kivule si Ulaya. Akanijibu kitu ambacho nimekiandika kwenye daftari langu la kazini:

"Nilikuja hapa mchana. Nataka kuondoka mchana, na watu wananiona."

Hakutaja 2011, wala hakuwa na haja ya kuitaja. Sufuria ilikuwa pale pale nyuma yake.

Nimeifikiria sana kauli ile. Tukizungumzia hasara za mafuriko tunahesabu nyumba, madaraja, magodoro, na Mungu aturehemu, maiti. Hatuhesabu kuaga. Maji yakiingia usiku hayampi mtu nafasi ya kumwambia jirani asante kwa miaka kumi na tatu ya kuazimana chumvi. Kila mmoja anakimbilia upande wake na urafiki unakatika kama simu iliyoisha chaji. Anayengoja msimu umfukuze, msimu ndio unaomwagia. Na haujui adabu.

Jumapili iliyopita nilimkuta anatengeneza achari. Mwembe wa pale uwanjani umebakiza embe chache zilizogoma kuiva, ngumu kama ngumi. Mama na mabibi wawili wa nyumba za jirani wamezikata vipande, wamezitia chumvi, wamezitandaza kwenye ungo (ndiyo, ule ule ungo) na kuzipandisha juu ya bati la choo. Siku tatu za jua kali. Baadaye zinakuja pilipili, kitunguu saumu, haradali, siki na mafuta, halafu chupa.

Nikawa nakwangua chumvi vidoleni na kuwaza. Achari ile haiwezi kutengenezwa Aprili. Aprili jua liko wapi? Inalihitaji jua hili hili la Februari tunalolilaani kwenye daladala. Na haiwezi kuliwa yote sasa. Italiwa mvua zinanyesha, kwenye wali na dagaa, mtu amejifungia ndani Kivule anasikiliza bati. Joto la msimu mmoja unalifunga kwenye chupa unalipeleka msimu mwingine. Chupa ni sita. Mbili za mama, mbili mbili za wale mabibi. Kila mmoja atakuwa anakula kwake, mbali na mwenzake, achari ya mwembe mmoja.

Nikamwambia basi achukue na kokwa akapande Kivule, ili mwembe wenyewe uendelee. Niliona ni wazo zuri, hata nilianza kulipamba kichwani kwa ajili ya kuwaandikia ninyi. Mama akanitazama kama mtu aliyeambiwa anunue gari la miti.

"Mwembe wa kokwa unajua unazaa lini? Miaka mitano, sita, hata zaidi. Mimi nimeshanunua mche wa kubebesha. Nataka kula mwenyewe!"

Mche uko Kivule tayari, kwenye kiroba, unangoja mvua ya kwanza upandwe. Shimo limechimbwa, limewekwa samadi. Mtu anayelia machozi akiagana na jirani yake ndiye huyo huyo aliyechimba shimo la mwembe wa miaka mitatu ijayo. Mimi nilidhani lazima uchague moja.

Lakini hata wazee wetu hawakuchagua. Fikirieni bandari zetu za zamani. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, Ghuba na India yalikuja huku na kaskazi, kuanzia Desemba hivi, na yakarudi kusi ikishika, kwenye Aprili. Upepo haukumngoja mtu amalize kudai madeni yake. Kwa hiyo kabla tanga halijageuzwa kulikuwa na kazi nyingi: kulipana, kupakia boriti za mikoko, kukalafati vyombo, kununua chakula cha safari. Na huko huko kuoana, kuagana, kuachiana maagizo. Aliyekuwa ameshapakia ndiye aliyeweza kukaa barazani jioni ya mwisho na kunywa kahawa yake taratibu. Ambaye hakupakia alikuwa anakimbia. Tangambili haikuwa likizo, ila haikuwa hofu pia.

Sisi watoto wa mjini tuna magonjwa mawili. La kwanza ni la mtu anayeishi msimu ujao. Yuko Februari lakini anaongelea Juni, anakula embe akiwa na simu mkononi anapiga hesabu za ada, ukimwuliza embe ilikuwaje hakumbuki kama alikula. La pili ni la mtu anayeng'ang'ania msimu huu kama vile hautaisha. Bati linavuja tangu vuli, analitazama tundu linavyoingiza mwanga wa jua, anasema lina uzuri wake. Wote wawili nawafahamu. Wengine wanasoma hapa sasa hivi, msijifiche.

Katika chumba cha habari nako tuna misimu yetu. Januari ni sare za shule na ada. Juni ni bajeti. Masika ni Jangwani. Barabara ya Morogoro inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanasimama, na mpiga picha anakwenda kuleta ile picha, mnaijua: mtu maji kiunoni, godoro kichwani. Ni picha ya kweli na lazima ipigwe. Lakini godoro lile lina mwenyewe, na mwenyewe ana majirani, na wiki tatu kabla ya hapo kulikuwa na jua. Mwanamke anayelipa 11,500 dukani mchana wa Februari si habari. Hakuna mhariri atakayeiweka ukurasa wa mbele, na mimi simlaumu. Ndiyo maana naiweka hapa kwangu.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila aliyeko bondeni angeweza kufanya kama mama. Mama ana watoto watatu wenye kibarua na kiwanja kilichokuwepo tangu zamani. Kuna watu ambao hawana Kivule ya kwenda. Wanajua hatari kuliko mtaalamu yeyote, wameipima kwa magoti yao wenyewe, na bado wanabaki kwa sababu kodi ya bondeni ndiyo wanayoimudu na kazi iko Kariakoo, wanakwenda kwa miguu. Kumwambia mtu huyo ajiandae bila kumwambia aende wapi ni kumtukana. Hilo nalo linahitaji makala yake, na nitaiandika.

Ila wewe mwenye uwezo wa kufanya kitu, hata kidogo, wiki mbili hizi ni zako. Mfereji mbele ya nyumba yako umejaa nini? Chupa za maji, sivyo? Zitoe, na usizitupe kwa jirani wa chini. Panda juu ya bati kabla fundi hajawa mfalme. Vyeti vyako viko wapi? Kama viko kwenye droo ya chini kabisa, vipandishe. Anika godoro. Utabiri wa masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutolewa kila mwaka kabla ya mvua, usome wenyewe, usingoje uliokatwa vipande na kusambazwa na mjomba kwenye simu.

Halafu ukishamaliza, na hii ndiyo sehemu tunayoisahau, kaa chini. Nunua embe hilo la bei mbaya, lile lililofutwa vumbi, ulile taratibu, mikono ichafuke. Nenda Coco jioni moja uangalie bahari kabla haijageuka rangi. Kaa nje usiku na majirani, maana joto ndilo linalotutoa nje. Mvua zikianza kila mtu anafunga mlango wake, na mpaka Juni kipupwe kinaingia mtakuwa mnaonana kwa madirisha. Kama kuna mtu unamdai asante, mlipe sasa.

Mimi Jumamosi ya pili ya Machi nimeomba ruhusa kazini. Kirikuu kimekodiwa, kitafika saa mbili asubuhi. Kaka alitaka saa kumi na moja alfajiri ili kukwepa foleni ya Gongo la Mboto, mama akakataa katakata. Saa kumi na moja watu wamelala.

Mzigo wenyewe hauzidi mkeka, godoro jembamba, jiko, ungo, chupa mbili za achari na sufuria tatu. Ile kubwa itakaa mbele, kwenye miguu ya mama, ameshasema. Na kama kuna mtu anasoma hapa aliyehamia Mabwepande kutoka Kigogo baada ya maji ya 2011, na kwao walikuwa na sufuria ya pilau yenye mpini mmoja uliofungwa waya, aniachie ujumbe. Iko salama. Imeoshwa.

Haya, nisiwachoshe. Wikiendi njema, na kunyweni maji.